"Uvuvi wa Nzi": Istilahi Inayompotosha Mvuvi

Miongoni mwa istilahi zinazostahili kuhakikiwa upya ni "uvuvi wa nzi", itumiwayo na baadhi ya wafasiri kutaja namna ya kumvua samaki aitwaye trauti katika vijito vya milimani. Samaki huyu si mwenyeji wa Afrika Mashariki. Aliletwa Kenya mwaka 1905 na kupandikizwa katika mito ya Aberdare; baadaye akapandikizwa pia Tanzania, katika mito ya baridi ya Kilimanjaro na Nyanda za Juu Kusini. Mbinu ya kumvua ilikuja pamoja naye, na lugha yetu ikadaiwa jina.

Jina lililotolewa ni tafsiri ya neno kwa neno. Katika Kiswahili, "uvuvi wa dagaa" ni kuvua dagaa, na "uvuvi wa sangara" ni kuvua sangara. Mvuvi wa Mwanza asikiapo "uvuvi wa nzi" ana haki ya kuuliza nzi huvuliwa ziwa gani. Hata tukisema "kuvua kwa nzi", ataelewa kwamba nzi halisi ndiye chambo, kama yeye atumiavyo furu au kambare wadogo kumnasa sangara. Kumbe hapana nzi wala chambo cha kuliwa. Ipo ndoano ndogo iliyofungwa nyuzi na manyoya ya ndege hata ikafanana na mdudu.

Kosa hili lina madhara. Kanuni za mito mingi ya trauti huruhusu ndoano ya namna hiyo pekee na kukataza chambo hai. Zikitafsiriwa "ruhusa ni nzi tu", msomaji mwaminifu atakamata nzi na kumtunga ndoanoni, naye atakuwa amevunja sheria kwa kuitii tafsiri.

Wengine hupendelea "chambo bandia". Hiyo ni afadhali, lakini ni pana mno, kwani hujumuisha pia samaki wa plastiki wakokotwao nyuma ya mashua kumvua sangara. Tena haigusi kiini cha mbinu yenyewe. Katika uvuvi wa kawaida wa mshipi, uzito wa chubwi ndio huupeleka mshipi mbali. Hapa ndoano ni nyepesi kama unyoya, na uzito umo katika mshipi wenyewe, urushwao nyuma na mbele kwa ufito mwembamba.

Vivyo hivyo, wapo waviitao vijito hivyo "hori", kwa sababu tu lugha ya kigeni hutumia neno moja kwa vyote viwili. Hori ni mkono wa bahari uingiao nchi kavu, mlimani haupo.

Sangara naye alikuwa mgeni, aliyepandikizwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na 1960. Leo Mwanza ni sangara, Kenya ni mbuta, Uganda ni mputa: majina yaliyokaa vinywani mwa wamvuao. Kwa kufuata njia hiyo tunapendekeza "ndoano ya manyoya", "mshipi wa kurusha", na kwa mbinu nzima, "uvuvi wa ndoano ya manyoya". Atakayepinga kwamba ndoano nyingine hufungwa nyuzi tupu akumbuke kuwa istilahi hailazimiki kueleza kila kitu, inalazimika kutopotosha.

Kabla ya kusanifiwa, istilahi hizi zisomwe mbele ya wavuvi wa Mwaloni, Kirumba, na wanafunzi wa uvuvi wa Nyegezi, nao waulizwe wameelewa nini. Wakieleza ndoano, zipitishwe. Wakieleza nzi, zirudishwe mezani.