Nani Ashike Bunduki? Uhakiki wa Tawasifu ya Tippu Tip kwa Kuzingatia Kasongo na Kabambare

Tawasifu ya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ajulikanaye zaidi kwa jina la Tippu Tip, imesomwa mno kama hati ya historia ya biashara ya pembe, na kwa nadra kama kazi ya fasihi yenye hoja yake. Heinrich Brode aliichapisha huko Berlin mwanzoni mwa karne ya ishirini, baada ya mwenyewe kumwandikia kwa herufi za Kiarabu, baadaye W. H. Whiteley akaifasiri kwa Kiingereza. Katika makala haya tunakusudia kuitazama kwa upande mmoja tu, yaani usawiri wa bunduki. Tuonavyo sisi, matini hii ni mchango katika mjadala wa nani ana haki ya kushika silaha, mjadala ambao kusini mwa Maniema haujakwisha hata leo.

Jambo la kwanza limo katika kuhesabu. Wapagazi huhesabiwa, na mizigo pia huhesabiwa, lakini nguvu ya mtu, awe rafiki au adui, hupimwa kwa idadi ya bunduki zake. Kwa njia hiyo neno "bunduki" linaacha kuwa jina la chombo na kuwa jina la aliyekishika. Asiyekuwa nayo hayumo katika hesabu ya nguvu.

Tukio linalodhihirisha jambo hili kuliko mengine yote ni lile la mwaka 1876, si mbali na Kasongo, msimulizi alipokutana na Stanley. Mzungu anaonyesha bunduki na kusema kwamba inatoa risasi kumi na tano. Mwenyeji wake haamini: kwa mtutu mmoja? Anaomba ifyatuliwe aone, naye Stanley anataka kwanza alipwe. Ndipo Hamed, akidhani anadanganywa, anapojibu uongo kwa uongo: anasema kwamba huko Rumami uko upinde unaorusha mishale ishirini kwa mara moja, na kila mshale unaua mtu. Stanley anatoka nje, anafyatua mara kumi na mbili, kisha anachukua bastola na kufyatua mara sita. Waliohudhuria wanastaajabu, na Hamed anauliza jinsi risasi zinavyotiwa.

Wasomaji hulicheka tukio hili, nasi hatuwalaumu, kwani limesimuliwa kwa ustadi. Lakini utani wenyewe umejengwa juu ya nini? Umejengwa juu ya upinde, silaha ya wenyeji. Hapa upinde umeletwa kwa kejeli tu, kama uongo wa kukomesha uongo. Wafanyabiashara wawili wa nguvu wanapimana ubavu, na mwenye upinde hayupo barazani.

Baraza kama hilo lilikaa tena baadaye, safari hii Ulaya. Baada ya kampeni ya Kardinali Lavigerie dhidi ya utumwa mwaka 1888, mataifa yalikutana Brussels, na tarehe 2 Julai 1890 yakatia sahihi Mkataba Mkuu. Zanzibar nayo ilikuwa miongoni mwa waliotia sahihi. Mkataba ulipiga marufuku kuingiza bunduki na risasi katika eneo lililo kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, isipokuwa kwa vikosi vya serikali na kwa baadhi ya wasafiri wenye vibali. Bunduki za gumegume na baruti ya kawaida ziliweza kuruhusiwa kwa masharti. Hatukanushi kwamba biashara ya watumwa ilikuwa uovu, wala kwamba bunduki iliilisha. Lakini mkataba huo ulimwachia mshindani mmoja silaha mpya na kumbakishia mwingine gumegume, na huyo wa kwanza, Dola Huru ya Kongo, naye alitaka pembe.

Tena marufuku haikuizuia baruti. Kikosi cha Dhanis kilipouteka mji wa Kasongo tarehe 22 Aprili 1893, daktari wake, Sidney Hinde, aliona ghalani tani 10 au 11 za baruti, fataki kwa mamilioni, na risasi za karibu kila aina ya bunduki. Sefu, mwana wa Hamed, aliuawa vitani mwaka huohuo. Januari 1894 Kabambare nayo ikaanguka, na Rumaliza akakimbia.

Wako wanaomtetea msimulizi wetu kwamba alinyang'anywa haki yake ya kujilinda. Hoja hiyo haitoshi, kwa kuwa kitabu chenyewe kinaijibu. Lile jina la Tippu Tip, kwa maelezo yake mwenyewe, alipewa na wenyeji wa nchi alizozipiga kabla ya kufika Maniema, nalo linaiga mlio wa bunduki zake. Wazungu walipenda zaidi maelezo kwamba ni kwa sababu ya kupepesa macho. Sisi tunayakubali maelezo ya mwenyewe, na tunaona kwamba jina hili ni ushahidi wa waliopigwa. Msimulizi analichukua kama sifa. Waliolitunga walikuwa wakieleza walichokikimbia.

Baraza hilo halijavunjika. Azimio nambari 1493 la Umoja wa Mataifa la Julai 2003 liliweka vikwazo vya silaha mashariki ya Kongo. Mwaka 2008 serikali ikatolewa katika vikwazo hivyo kwa sharti la taarifa, na Desemba 2022, baada ya Kinshasa kulalamika kwamba inadhulumiwa, sharti hilo nalo likaondolewa. Wakati huo Salamabila, katika Kabambare, ilikuwa imekwisha kuwajua Mai-Mai Malaika, waliodai kuwatetea wenyeji mbele ya kampuni ya dhahabu ya Namoya. Serikali ilidai haki ya silaha, na wanamgambo pia. Mkulima wa huko alizungumziwa na wote wawili.

Kwa hiyo atakayeihariri tawasifu hii upya asitosheke na kufafanua maneno gumegume, fataki na baruti pembeni mwa ukurasa. Masimulizi ya wazee wa Kasongo na Kabambare yanapaswa kukusanywa kwa Kingwana chao na kuchapwa pamoja nayo, bila kusanifishwa.