Kivumishi VAGO katika Ushairi wa Kiitaliano

Vivumishi vya Kiitaliano vinavyomtaabisha mfasiri kama vago ni vichache. Asili yake ni neno la Kilatini vagus, yaani mwenye kutangatanga. Maana hiyo ingali hai katika istilahi ya utabibu nervo vago, neva ishukayo kutoka ubongoni, ikapita shingoni na kifuani hadi tumboni. Zaidi ya maana hiyo ya asili, ziko nyingine tatu: mwenye kutamani, chenye kupendeza, na kisicho dhahiri.

Kisarufi, kivumishi hiki hufuata jinsia na idadi ya jina: vago na vaga katika umoja, vaghi na vaghe katika wingi. Herufi h huongezwa ili sauti ya g isibadilike. Kikifuatwa na kihusishi di, aghalabu huleta maana ya kutamani: vago di gloria ni mwenye kiu ya utukufu.

Yamkini msomaji akadhani kwamba nafasi ya kivumishi ndiyo iamuayo maana: kikitangulia jina, husifu uzuri, kikilifuata, huonyesha utata. Kanuni hiyo haisimami. Una vaga idea na un'idea vaga yote mawili ni wazo lisilo dhahiri. Kiamuacho ni jina lenyewe pamoja na muktadha wake.

Hapo ndipo uonekanapo ustadi wa Giacomo Leopardi. Katika shairi lake Le ricordanze, la mwaka 1829, neno la kwanza kabisa ni vaghe, nalo lavumisha nyota za Dubu. Nyota hazikatai maana yoyote kati ya hizo: zapendeza, zaizunguka ncha ya mbingu usiku kucha, tena zi mbali. Na katika Zibaldone, mwaka 1821, Leopardi alikwisha kueleza kwamba maneno kama “mbali” na “kale” yana ushairi mwingi kwa kuwa huamsha fikra pana zisizo na mpaka.

Mfasiri aandikaye “nyota nzuri” tu ameuondoa mwendo. Aandikaye “nyota zisizo dhahiri” amepotoka kabisa. Kiswahili hakiruhusu kivumishi hiki kitangulie jina, hivyo mkazo wa mwanzo hauna budi kupotea. Lakini kitenzi “kuzunguka” chabeba mviringo na utembezi pia. “Nyota nzuri zizungukazo” yahifadhi maana mbili pamoja, na hiyo ni hasara ndogo kuliko kuchagua moja kutoka kamusini.