Kuchoma Kabla ya Radi

Barabara itokayo Kitshanga kwenda Pinga, ukishapita Mweso, inafika Kalembe, pale vilima vya malisho vya Masisi vinapoanza kuuachia nafasi msitu wa Walikale, mashariki mwa Kongo. Mwishoni mwa Agosti, saa nane mchana, mtu aliyesimama barabarani huona moshi wa aina mbili mlimani. Upo mweupe, mzito, unaotambaa chini chini na kukaa bondeni mpaka jioni: huo ni wa majani mabichi, na mwenye shamba aliharakisha. Upo pia mwembamba, wa kijivu, unaopanda moja kwa moja, ukadumu muda mfupi na kwisha. Makala haya ni ya kumsifu mwenye moshi wa pili.

Huku hakuna kiangazi cha kuogofya kama kile cha California au Ugiriki. Msitu mbichi haushiki moto ovyo. Radi ikiupiga mti, mvua inayoandamana nayo inamaliza kazi. Ukiona moto katika nchi hii, jua kuna mtu aliyeuwasha, na kama umetoroka, umemtoroka yeye. Hatari yake inategemea ukavu, upepo na ufundi wa huyo mtu, na kwa maoni yangu ufundi unavizidi vile viwili.

Kazi yenyewe inaanza Juni, mvua zinapokatika. Kichaka kinafyekwa, miti midogo inaangushwa, na vyote vinaachwa vilale juani. Majani hukauka kwanza, kisha vitawi. Magogo hayakauki kamwe kwa kiangazi kimoja, na fundi hajisumbui nayo. Kisha anasubiri. Akichoma mapema, majivu yanapeperushwa na upepo na magugu yanachipua kabla ya mbegu. Akichelewa, mvua ya kwanza inalowesha lundo lote, na miezi miwili ya panga imekwenda bure. Siku anayoitafuta ni ile ya mwisho, au karibu na ya mwisho, kabla mvua za Septemba hazijafungua msimu ambao maagronomu wanauita A. Yaani anatabiri hali ya hewa, na dau lake ni maharagi na mahindi ya nusu mwaka.

Utabiri huo ni mgumu kuliko inavyoonekana, kwa sababu ya mahali penyewe. Mkulima wa pwani huliona wingu likitoka baharini, akapata hata muda wa kuanua nguo. Katika milima hii mvua kubwa haiji kutoka mbali. Inazaliwa papo hapo, juu ya vichwa vya watu. Jua linapasha miteremko moto tangu asubuhi, hewa yenye unyevu wa bonde la Kongo inapanda nayo, na kufikia alasiri wingu lililoanza kama pamba kidogo juu ya kilele limekuwa mnara wenye ngurumo. Baadaye dhoruba nyingi husogea kuelekea magharibi, zikaendelea kunyesha usiku juu ya msitu. Kwa hiyo kumulika kwa radi kunakoonekana usiku upande wa Walikale mara nyingi ni mvua inayoaga. Mgeni akiona mwanga huo hukimbilia kiberiti, akidhani kesho itamfikia. Mwenyeji anaendelea kulala, halafu saa nne asubuhi anatazama vilele vilivyo mashariki yake, kuona kama vile vipamba vimeanza mapema kuliko jana.

Na radi za huku si za kawaida. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016, uliotumia miaka 16 ya vipimo vya setilaiti ya TRMM, uliweka Ziwa Maracaibo la Venezuela mbele ya dunia nzima kwa wastani wa miale 233 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Kabare, Kivu Kusini, ikafuata kwa miale 205. Sake, mji wa Masisi ambao magari mengi yatokayo Goma kuja huku hupitia, ulipata 143 na kuingia katika tano za kwanza. Watu wa huku hawakungoja setilaiti iwaambie. Katika utenzi wa Mwindo wa Wanyanga wa Walikale, uliosimuliwa na Shekarisi Rureke mwaka 1956 na kuchapishwa na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene mwaka 1969, shujaa aliyejaa majivuno anachukuliwa na Nkuba, bwana wa radi, na kupandishwa juu akaadhibiwe. Mvua inamtesa kwa baridi, jua linamtesa kwa joto na kiu, kila mmoja kwa zamu yake. Anayefyeka kichaka Juni na kupanda Septemba anazijua zamu hizo mwilini mwake.

Siku inapokaribia, vipimo ni vya mkono. Fundi anaingia katikati ya lundo, si pembeni ambako jua hufika kwa urahisi, anachomoa majani ya chini kabisa na kuyafinya. Yakikunjika, bado. Yakisagika kama ugoro, anachukua kijiti chenye unene wa kidole na kukivunja karibu na sikio. Anataka kusikia mlio mkavu, usio na nyuzi zinazoshikilia. Anagusa udongo ulio chini ya majani. Vipimajoto na vipimaunyevu vya wanasayansi wa moto vinauliza maswali hayo hayo, na vinajibu kwa tarakimu.

Kuzunguka shamba lote tayari kuna ukanda uliolimwa na kufagiliwa mpaka udongo mtupu, mpana zaidi upande wa juu. Wavivu huufanya upande wa chini kuwa mpana, kwa kuwa ndiko wanakosimama. Moto hupenda kupanda: mteremko unauinamisha mwali karibu na kuni zilizo juu yake, zikakauka na kuwaka kabla hazijaguswa. Mchana upepo nao unapanda mlima, kwa kuwa miteremko imepata joto. Anayewasha kutoka chini saa saba ameupa moto ngazi na mtu wa kuusukuma.

Fundi anawasha juu. Anatembea kando ya ukanda na mwenge wa majani makavu, akiugusisha chini hapa na pale, na moto unaanza kushuka polepole dhidi ya upepo, mwali ukiwa mfupi, hauzidi goti. Inachosha kutazama. Vijana wanaosimama na matawi mabichi ya kupigia cheche huanza kupiga soga, naye anawakaripia bila kugeuka. Ukishaungua mkanda wa hatua kadhaa juu, hakuna tena cha kuwaka huko. Ukanda wa udongo umeongezewa ukanda wa majivu. Hapo anashuka pembeni, kushoto kisha kulia, akiwasha vipande vifupi. Mwisho kabisa, pande tatu zikiwa zimefungwa, anawasha chini. Sasa ndipo moto mkubwa unapanda kwa kishindo, na watu wote wanarudi nyuma kwa joto, lakini unakwenda kukutana na majivu. Muda si mrefu umekwisha. Ule moshi wa kijivu unaoonekana barabarani ni wa dakika hizo.

Saa ya kuwasha nayo ni hesabu. Mchana mkali lundo linaungua vizuri lakini upepo haushikiki. Jioni upepo wa kupanda unakufa, ila umande unakaribia. Pembeni mwa malisho ya Masisi, ambako nyasi za jirani zimekauka, wengi wenye busara huchukua saa kumi au kumi na moja na kukubali visiki vibaki. Kwenye ukingo wa msitu, ambako majirani ni miti mibichi, wanathubutu saa nane.

Utabiri rasmi upo, na siudharau. METTELSAT, wakala wa hali ya hewa wa Kongo, iko Kinshasa. Utabiri wa misimu wa Afrika Mashariki hutolewa na kituo cha tabianchi cha ICPAC kilichoko Nairobi kwa nchi 11, na Kongo haimo, ingawa Rwanda na Uganda zimo. Kongo huangukia upande wa kituo cha Afrika ya Kati kilichoko Douala. Kalembe basi iko pembeni mwa ramani zote mbili. Hata ukifika, utabiri huo husema uwezekano wa mvua kuwa zaidi ya wastani, karibu nao, au chini yake, kwa miezi mitatu na kwa eneo kubwa kuliko mkoa. Unamfaa anayenunua mbegu. Anayeshika mwenge anahitaji kujua kama Alhamisi itanyesha.

Kutoka juu, setilaiti zinazotafuta joto huweka kidoa chekundu kila mahali panapowaka. Afrika hubeba zaidi ya nusu ya eneo linaloungua duniani kila mwaka, na kila Agosti ramani ya Kongo huwa na upele wa vidoa hivyo. Wasomaji wa mbali huviita janga, vyote kwa pamoja. Kidoa cha moto uliopangwa na cha moto uliotoroka vina rangi moja.

Kinachoharibu ufundi huu zaidi ni kukimbia. Oktoba 2024 Kalembe iliingia kwenye habari kwa sababu ya mapigano ya waasi wa M23, wakati ambapo maharagi ya msimu A yanahitaji kupaliliwa. Familia iliyokimbia Julai na kurudi Septemba hukuta kichaka kilichofyekwa kimeshachipua, na baba huchoma kilichopo, kibichi, kwa siku yoyote anayopata. Moshi huo mweupe usihesabiwe kuwa uvivu.

Mwenye kuutathmini moto, hata hivyo, si aliyeuwasha. Huku wanaume hufyeka na kuchoma. Wanawake ndio wanaopanda. Siku mbili tatu baada ya mvua ya kwanza, mama anaingia na jembe na kikapu cha maharagi, na ndani ya mistari mitatu ameshajua. Vijiti vilivyoungua nusu vinamkwama, au havimkwami. Majivu yako sawasawa, au yamelundikana mahali pamoja na kwingine udongo haujaonja moto. Akirudi nyumbani jioni, mume hahitaji kuuliza. Atamsikia akiwaeleza majirani.