Ufundi wa Kurudi Nyumbani

Asubuhi na mapema, kandokando ya barabara inayotoka Uvira kupitia Nundu hadi Baraka, wamama huenda mashambani kwa kundi. Wanapiga soga, ndiyo, lakini soga si sababu. Mvamizi humtafuta aliye peke yake, na hilo wamefundishana bila mwalimu wala cheti. Ninausifu ufundi huo wa kujikinga kwa sababu wengi wetu tulilelewa kuudharau. Sinema za kung-fu zilituaminisha kwamba kujikinga ni kuruka teke hewani na kuwalaza watu kumi. Uongo mtupu. Kujikinga ni kufika nyumbani ukiwa mzima, basi.

Sisi Wakongomani tuna mfano wetu. Tarehe 30 Oktoba 1974, mjini Kinshasa, bondia Muhammad Ali mwenye miaka 32 alikabiliana na George Foreman, kijana wa miaka 25 aliyekuwa ameshinda mapambano yote 40, 37 kati ya hayo kwa kumwangusha mpinzani. Watu husimulia konde la raundi ya nane lililomwangusha Foreman. Mimi huvutiwa na raundi zilizotangulia: Ali ameegemea kamba, glovu zimeziba uso, viwiko vimebana mbavu, kidevu kimezama, naye Foreman anapiga mpaka nguvu zinamwishia. Kichwa, shingo, mbavu: ulingoni au njiani gizani, hivyo ndivyo vya kukingwa kwanza.

Halafu kuna kuanguka. Popole Misenga, mzaliwa wa Bukavu aliyetenganishwa na familia yake vitani akiwa mtoto, alijifunzia judo Kinshasa, na mwaka 2016 akashindana katika Olimpiki ya Rio kwenye timu ya wakimbizi. Kila mwanajudo kama yeye, kabla ya kufundishwa kumwangusha mwenzake, hufundishwa kuanguka mwenyewe. Kidevu kinabanwa kifuani ili kisogo kisiguse chini, mgongo unakunjwa, na mkono mzima unaipiga sakafu ili kishindo kisambae. Anayejaribu kujizuia kwa mkono ulionyooka anaweza kuvunjika kifundo cha mkono. Hakuna anayepigia makofi zoezi hilo, nami sijui lililo zuri kulishinda.

Mkono ukikamatwa, usivutane na mwenye nguvu kuliko wewe. Uzungushe, uuchomoe pale kidole gumba chake kinapokutana na vidole vingine, maana hapo ndipo mshiko ulipo dhaifu. Piga kelele, kisha kimbia kuelekea penye watu.

Haya yanafundishika haraka. Katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, wasichana wa sekondari walifundishwa kwa saa 12 tu: kukataa kwa sauti, kuchomoka, kupiga panapouma. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba waliodhulumiwa kingono katika mwaka mmoja walipungua kutoka asilimia 24.6 hadi 9.2. Korogocho, hata bibi wazee walijiunga na mafunzo yao wenyewe.

Ila fundi wa kweli husema pia ufundi wake unapokoma. Huku Fizi, eneo lenye Nundu na Baraka, bunduki ni nyingi mno. Mwenye silaha akitaka simu, mpe simu. Mwalimu anayekufundisha kumnyang'anya mtu bunduki anakuuzia kifo, muache. Na wapo ambao mwili huganda, sauti ikakataa kutoka. Mwili wa binadamu ndivyo ulivyoumbwa, kuganda si kukubali, na anayemuuliza mwanamke "mbona hukupiga kelele?" anamvamia mara ya pili.

Kwa aliyebakwa, kujikinga hakujaisha. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI husaidia zikianzwa ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo bora. Kama ni wewe, au dada yako, msingoje kikao cha familia wala suluhu ya wazee. Nundu kuna hospitali kuu: nendeni leo.