Je, Virusi Huzaliana?

Katika maandishi mengi ya afya tunasoma kwamba virusi "huzaliana" ndani ya seli. Usemi huu unastahili kupimwa upya, kwani neno lisilolingana na dhana humpotosha msomaji hata likiwa fasaha masikioni.

Tuchukue mfano wa Homa ya Bonde la Ufa, iliyotambuliwa nchini Kenya mwaka 1931, na ambayo mlipuko wake wa mwaka 2007 nchini Tanzania ulifika mkoani Morogoro. Mfugaji wa Masanze, wilayani Kilosa, anajua vyema maana ya kuzaliana: ng'ombe huzaa ndama, naye ndama hukua. Kirusi cha homa hii hakifanyi hivyo. Kikiisha kuingia katika seli huachana na gamba lake. Ribosomu za seli hutengeneza protini kwa kufuata maelekezo yake. Kimeng'enya cha seli hiyohiyo huikata protini ndefu. Kisha vipande hukutana penye utando wa Golgi, na hapo virusi vipya huundwa. Virusi vya UKIMWI navyo huhitaji protini ya binadamu iitwayo TSG101 ili vijitenge na utando wa seli. Ikikosekana, vingi hubaki vimenasa papo hapo. Hapa hakuna mzazi wala mtoto. Pana karakana, na mafundi ni wa seli.

Istilahi "seli mwenyeji" nayo ina utata. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji huyu haponi, bali hutumikishwa. Hata hivyo hatupendekezi ifutwe, kwa kuwa imekwisha kuenea. Yatosha kitenzi kinachoifuata kiseme kweli. Basi twapendekeza "kuundwa" kwa tendo la vipande kuunganishwa, na "kuongezeka" kwa habari ya idadi.

Jambo hili si la mapambo ya lugha. Aambiwaye kwamba virusi huzaliana hudhani kuwa ni viumbe kama bakteria, akadai antibiotiki zisizomfaa. Aelezwaye kwamba virusi huundwa na mafundi wa mwili wake ataelewa kwa nini dawa yake ni adimu: ukimpiga fundi, mwenye nyumba naye huumia.