Mwendo Unaoimbika

Mtu anayeanza kukimbia utamtambua kwa namna anavyoondoka. Anatoka Kirumba, hapa Mwanza, na raba mpya, anaiona barabara ya Makongoro imenyooka kuelekea Pasiansi, anachomoka. Kilomita ya kwanza anaimaliza kwa dakika 5. Katikati ya ile ya pili kichomi kimembana ubavuni, mikono iko kiunoni, na ya tatu anaitembea huku akijifanya anaangalia simu. Kisha kundi la jogingi la mtaani linampita, vijana kwa wazee, safu mbilimbili, wanaimba.

Ukiona hivyo mtazame anayeongoza wimbo. Wengi wetu tuliosoma shule za msingi nchini tulikutana na mchakamchaka, mbio hizohizo za kuimba, tukiwa na usingizi machoni, tukauona kama kero nyingine ya asubuhi. Ni baada ya kuanza kuhesabu dakika kwa kila kilomita ndipo niligundua kwamba yule kiranja wa mbele alikuwa fundi. Anaimba mstari mzima peke yake, kwa hiyo lazima abakize pumzi. Wenzake wanaitikia, naye anasikiliza jinsi wanavyoitikia. Mkia wa safu ukianza kufifia, anapunguza mwendo bila kutangaza. Sauti zikirudi, anaongeza kidogo. Hana saa ya kupima mapigo ya moyo. Kipimo chake ni kiitikio.

Kipimo hicho ni sahihi kuliko kinavyoonekana. Mwendo unaoweza kuuimbia, au angalau kuuzungumzia kwa sentensi kamili, ndio mwendo ambao misuli inapata oksijeni ya kutosha kwa kazi inayofanya. Ukiurudia wiki baada ya wiki, moyo unajifunza kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, mishipa midogo ya damu inaongezeka ndani ya misuli, na misuli yenyewe inazoea kuchoma mafuta badala ya kumaliza sukari mapema. Siku moja unakuta pumzi ni ileile lakini kilomita iliyokuwa ikikuchukua dakika 7 na nusu sasa inachukua 7. Kasi hukuiongeza wewe.

Shida ni kwamba pumzi hukomaa kabla ya miguu. Mapafu na moyo vinaweza kukuridhisha ndani ya wiki chache, ilhali kano na mifupa vinahitaji miezi. Ndiyo maana anayeanza huumia miundi wakati uleule anapojisikia ameiva. Kiranja wa mchakamchaka, kwa kuwa anamsubiri wa mwisho, anailinda miguu ya wote bila hata kulijua hilo.

Kasi nayo ina siku zake, lakini ziwe chache. Kwa anayekimbia mara nne kwa wiki, mara tatu ziwe za kuimbika. Ile ya nne atumie nguzo za umeme: nguzo mbili kwa haraka, tatu kwa kujivuta, arudie mpaka mwili upate joto la kweli, aache akiwa bado na hamu. Haraka hapa haimaanishi kukata roho. Mabega yabaki chini, hatua ziwe fupi na nyingi, mguu utue chini ya mwili badala ya kurushwa mbele. Na kwa sababu Mwanza ni mji wa mawe na vilima, kupanda kwenda Bugando ni somo la bure: mlimani shikilia pumzi ileile, kasi iache ishuke yenyewe. Anayeng'ang'ania dakika zake pale hulipa akiteremka.

Watanzania tuna mapenzi na mtu anayetangulia, na chanzo kimojawapo ni mkimbiaji Filbert Bayi. Februari 1974 kule Christchurch aliongoza mita 1,500 tangu mwanzo na kumaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia. Ni mbio ya kusisimua, na nadhani imewaponza wanaoanza wengi. Mimi kwa somo hili namchukua Suleiman Nyambui, mtoto wa Majita, pwani hiihii ya Ziwa Victoria upande wa Mara. Kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, katika mita 5,000, alikaa ndani ya kundi, akapima, akaachia mwishoni, na kupata medali ya fedha nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia kwa tofauti isiyofika sekunde moja. Alphonce Simbu naye, Septemba 2025 huko Tokyo, alikimbia kilomita 42 kwa wastani wa dakika 3 na sekunde 5 hivi kila moja, na bado alikuwa na akiba ya kumpita Mjerumani Amanal Petros kwenye utepe kwa sehemu 3 za mia za sekunde. Ndiyo dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha.

Kwa sisi wa kilomita 5, hesabu ni ndogo lakini ufundi ni uleule. Tuseme unataka dakika 30. Kilomita mbili za kwanza zipite kwa dakika 6 na sekunde 10 kila moja, ukijisikia mzembe, watu wakikuacha. Ya tatu 6:05. Ya nne 6:00 kamili, na hapo kuimba kumeshakwisha, yanabaki maneno mawili matatu. Ya mwisho inatakiwa 5:35. Wale waliokuacha Kirumba utaanza kuwakuta mmoja mmoja kabla ya Pasiansi, mikono kiunoni, wakiangalia simu.