Mtoro bin Mwinyi Bakari na Kusudi la Kitabu Chake

Kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichochapwa Göttingen mwaka 1903, kimesomwa zaidi na watafutao habari kuliko watafutao mtu. Mwanachuoni wa mila hukifungua ajue jando lilichezwaje. Mwandishi wa historia hukifungua ajue majumbe wa Mrima walikuwa na haki gani juu ya misafara. Kisha kila mmoja huchukua alichokijia akakifunga. Ni nadra kuulizwa kwa nini mwalimu mmoja wa Bagamoyo alijitwika kazi ya kuyaandika mambo ya watu wake, tangu mimba ya mama hata matanga ya maiti. Mtu aweza kuandika kwa kuamriwa, aweza kuandika kwa ujira, na aweza kuandika kwa kuwa amekwisha itambua kazi iliyo yake. Katika kitabu hiki mambo hayo matatu yamechanganyika, na kuyatenga kwataka subira.

Mtoro bin Mwinyi Bakari alizaliwa Dunda, Bagamoyo, yapata mwaka 1869. Alisoma Kurani na elimu ya dini, akasomesha, kisha akawa mtoza kodi chini ya serikali ya Wajerumani. Mji wake ulikuwa mlango wa bara: misafara iliteremka na pembe kutoka Tabora, ikapanda na nguo na shanga. Lakini yeye alikuwa kijana tu vita vya pwani vilipozuka mwaka 1888, na alikuwa hai Bushiri bin Salim aliponyongwa Pangani Desemba 1889. Mwaka 1891 makao ya serikali yakahamishiwa Dar es Salaam, na Bagamoyo ukabaki na majumba yake na kumbukumbu zake. Aliyeondoka mwaka 1900 kwenda Berlin, kufundisha Kiswahili katika Chuo cha Lugha za Mashariki, aliuacha mji ambao heshima yake ilikuwa imeanza kusimuliwa kwa neno “zamani”.

Hapo ndipo ufunguo wa kitabu ulipo. Neno hilo hurudi mara kwa mara, likikabiliwa na “sasa”, na pahali pa kuliona vizuri ni katika habari za utumwa. Mwandishi hapendi kusema “mtumwa” akapita. Humtenga mtumwa mjinga aliyeletwa juzi na mzalia aliyekulia nyumbani. Huonyesha kofia na viatu vilikuwa na maana gani mbele ya waungwana, na jinsi mambo hayo yalivyokuwa yakigeuka. Haya ni maneno ya mtu anayeona kitu kikiondoka, naye hataki kiondoke bila ya kuandikwa, kiwe cha kupendeza au cha kuchukiza.

Itasemwa, na kwa haki, kwamba mpango wa kitabu huenda ukawa wa Carl Velten, aliyewahi kuwa mkalimani wa serikali huku pwani na ambaye jina lake ndilo lililowekwa mbele. Na kwamba ndani yake mna maneno ya Waswahili wengine pia. Msomaji asiyekubali hoja hii hujidanganya. Lakini muulizaji hutoa swali tu. Ukubwa wa jibu ni wa mjibuji. Mwalimu wa Kurani akiulizwa habari za pepo na waganga, angetazamiwa kukemea, au angalau kufupisha. Kitabu hakikemei wala hakifupishi. Ngoma, mapunga ya pepo, mambo ya unyago, vyote hupewa nafasi kama chuo na msikiti. Kunyamaza huku kwa mwalimu kuna uzito kuliko dibaji yoyote: amekwisha amua kwamba kazi yake hapa ni kushuhudia, na hukumu ina pahali pengine.

Tena amejiondoa mwenyewe. Katika Safari za Wasuaheli, iliyotoka mwaka 1901, yumo kwa nafsi yake: habari zake zaitwa safari yangu, ya Udoe hata Uzigua, naye huonekana njiani akitazama na kuuliza. Miaka miwili baadaye “yangu” imetoweka. Kwa kulinganisha, mwana mwingine wa pwani hii ya kaskazini, Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909 na kuitumikia forodha Pangani, aliandika Maisha Yangu akajiweka katikati, na kila lililompata akalitafutia adili. Wengi huona kwamba huyo ndiye aliyeijua nia ya maisha yake, kwa kuwa aliitamka. Hukumu hiyo ni ya haraka. Mtoro hakuitamka popote, lakini kila sura yaibeba.

Liko jambo zito zaidi, na mhakiki hana ruhusa ya kulikwepa. Chuo cha Berlin, kilichoanzishwa mwaka 1887, kiliwafundisha watu waliokuwa wakija kutawala na kufanya biashara. Elimu ya Mtoro iliingia mikononi mwao. Aliyejua desturi alijua pia pa kushikia. Je, kazi ni ya mtu ikiwa matunda yake yamevunwa na mwingine? Pengine Mtoro aliliona jambo hili kwa uchungu kuliko wasomaji wake. Mwaka 1904 alimwoa mwanamke wa Kijerumani, na mwaka 1905 walipokuja Afrika Mashariki wakubwa wa koloni hawakuridhia mume mweusi na mke mweupe washuke wakae pamoja. Wakarudishwa Ujerumani. Mtu aliyewafundisha wageni jinsi mgeni anavyopokewa pwani alifungiwa pwani yake mwenyewe.

Baada ya hapo hapakuwa na cheo cha kumshawishi wala mji wa kumrudisha. Hata hivyo mwaka 1909 yuko Hamburg, akifundisha Kiswahili pamoja na Carl Meinhof hadi mwaka 1913. Na miaka iliyofuata alizunguka akiwahutubia Wajerumani juu ya nchi yake. Angeweza kuutafuta ujira kwa njia nyingine. Mwenye kusema kwamba kitabu cha 1903 kilikuwa kazi ya kuagizwa tu, na aeleze miaka hii.

Alifariki Berlin mwaka 1927. Ilipita zaidi ya miaka hamsini ndipo J. W. T. Allen, aliyekifasiri kitabu kwa Kiingereza, akaliweka jina la Mtoro bin Mwinyi Bakari juu ya jalada, mwaka 1981, na baada yake yakafuata maneno “na Waswahili wengine”. Velten amerudishwa ndani.